Homoni Isiyobisha Hodi

Turku, 9 Januari 1984

Mpendwa Bi Saimi,

Heri ya mwaka mpya, kwako, kwa kaka yako Vilho, na kwa kuku wake wote. Mayai yalifika kwa basi la saa nane siku ya mkesha wa Krismasi, trei mbili nzima, na hakuna hata moja lililopasuka. Lakini nina dhambi ya kuungama: nimekula matano tu. Yaliyobaki nimeyavunja, nikatenga viini, nikavikamua mafuta. Usinikasirikie. Mafuta ya kiini cha yai ndiyo ninayotengenezea utando wangu maabarani. Miaka minne nanunua mayai dukani, na sijawahi kupata mafuta mazuri kama haya ya kuku wa Vilho.

Hapa tunakukumbuka. Ile mashine ya kuoshea vyombo iliyoletwa ulipostaafu tumeipa jina la Mheshimiwa, maana inanguruma sana na kazi yake haionekani. Vyombo vinatoka vina madoa, na kahawa ya saa tatu hakuna anayeikumbuka mpaka saa nne.

Nina swali dogo. Kile kikombe changu cheupe chenye kitundu kama kichwa cha pini, ulikuwa unakioshaje? Na vile vichupa vidogo? Kwa sabuni gani? Nataka tu kuandika vizuri ile sura ya tasnifu inayoeleza kazi ilivyofanyika. Hakuna zaidi.

Wako,
Terhi Kallasvuo


Laitila, 14 Januari 1984

Mwanangu Terhi,

Nimemwambia Vilho kwamba kuku wake wamefika chuo kikuu. Ameenda bandani kuwaambia. Amekaa huko nusu saa, kwa hiyo nadhani walikuwa na maswali.

Mimi mzima. Theluji imefika dirishani, goti la kushoto linalalamika, lakini sauna tunawasha Jumatano na Jumamosi, na mtu akitoka humo hana kesi na goti. Tatizo la kustaafu ni asubuhi. Saa kumi na moja na nusu macho kodo, na sina pa kwenda. Nimeshapanga kabati la Vilho mara tatu. Ameanza kulifunga kwa ufunguo.

Sasa swali lako. Sabuni yangu ni ya msonobari, ile ya kahawia inayonuka kama msitu. Niliitumia kwa sakafu, kwa masinki, na kwa vikombe vya kahawa, hasa cha Profesa Hakosalo, ambacho kingeweza kusimama chenyewe kwa uchafu. Lakini kikombe chako cheupe hakijaonja sabuni tangu kizaliwe. Ni maji ya moto, halafu spiriti, halafu kukichemsha mara tatu kwa maji ya mvuke, kila mara maji mapya, na kukiinamisha juu ya kitambaa cha kitani. Vichupa vivyo hivyo. Nilifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa na sikuwahi kuvunja kichupa, isipokuwa kimoja mwaka sabini na mbili, na hicho alinigongea mtu mlango mgongoni.

Ila, mwanangu, anayeuliza njia ana safari. Mtu haandiki barua nzima katikati ya Januari kwa ajili ya sura ya tasnifu. Safari yako ni ipi?

Mimi,
Saimi


Turku, 23 Januari 1984

Mpendwa Bi Saimi,

Umenishika. Nilikudanganya, na nilijua utanishika.

Kikombe kile ulikiosha miaka minne, nami sikuwahi kukueleza kinafanya nini. Aibu hiyo ni yangu. Ndani yake mna vyumba viwili vya maji ya chumvi na ukuta katikati, na kwenye ukuta mna kile kitundu. Nachovya brashi nyembamba kwenye mafuta ya yai, naipitisha juu ya kitundu mara moja. Mafuta yanatanda. Mwanzoni yana rangi zote, kama mafuta ya gari juu ya dimbwi la mvua. Halafu yanazidi kuwa membamba mpaka yanabaki molekuli mbili tu kwa unene, na hapo yanakuwa meusi, kwa sababu mwanga hauoni tena pa kudunda. Utando wa seli zetu, wangu na wako na wa kuku, ndivyo ulivyo. Umeme haupiti hapo. Kalamu ya mashine inachora mstari ulionyooka.

Kisha natia homoni ya samaki aina ya samoni, ile inayoamuru chokaa ya mifupa. Ni mnyororo mfupi tu, kama shanga thelathini na mbili kwenye uzi. Vitabu vinasema homoni kama hiyo ikifika kwenye seli hubisha hodi: mlangoni pana bawabu, anapokea ujumbe, ndani kazi inaanza, na homoni yenyewe inabaki nje. Mimi nimeandika kurasa mia moja na arobaini kusema kwamba hii inaweza pia kuingia bila hodi. Molekuli kadhaa zinazama kwenye mafuta, zinasimama bega kwa bega kama mbao za pipa, katikati panabaki tundu, na chumvi inapita. Nilijuaje? Kwa sababu kalamu ilipanda. Haikuyumba, ilipanda wima kama ngazi. Hatua moja juu: tundu limefunguka. Hatua moja chini: limefunga. Niliona ngazi hizo mara mia tatu na kumi na nane.

Tangu uondoke zimepotea. Agosti zilikuwepo, Septemba chache, Novemba hakuna hata moja. Desemba nikafungua chupa mpya ya homoni: siku mbili furaha, wiki ya pili kimya. Nikitazama mstari ule ulionyooka natamani kuupiga teke.

Na wiki iliyopita Profesa Hakosalo alisimama nyuma yangu, akavuta masharubu, akasema, "Terhi, vipi kama muda wote huu tulikuwa tunapima sabuni? Saimi ameondoka, sabuni yake imeondoka, na matundu yameondoka." Sabuni hutoboa utando, Bi Saimi, hilo linajulikana. Mtahini wangu, Profesa Sundelius wa Uppsala, anataka nirudie jaribio na kuonyesha matokeo kabla ya mwisho wa Aprili. Siku ya kutetea ni tarehe 25 Mei. Nikishindwa, hakuna kutetea, na miaka minne yangu inaingia kwenye sinki.

Ndiyo maana niliuliza. Je, una hakika kabisa kuhusu sabuni?

Terhi


Laitila, 27 Januari 1984

Kwa Mtafiti Terhi Kallasvuo,

Barua yako imefika.

Nimeshaandika jinsi nilivyoosha. Siwezi kuandika mara ya pili kwa wino mwingine. Mwambie Profesa Hakosalo kwamba katika miaka kumi na tisa aliingia chumba changu cha kuoshea mara mbili, na mara zote mbili alikuwa anatafuta mwavuli wake.

Ndani ya kifurushi hiki kuna kipande cha sabuni ya msonobari. Kitieni kwenye kikombe chenu, kisha mkae mtazame kama kinajenga pipa.

S. Uusipaikka
Mwoshaji vyombo mstaafu


Turku, 6 Februari 1984

Bi Saimi mpendwa,

Nimeisoma barua yako nimesimama, na nimestahili kila neno. Neno "hakika" nisingelitumia kama ningekuwa na akili. Naomba radhi. Ningekuja mwenyewe kupiga magoti, ila najua ungeniambia nisikuchafulie sakafu kwa viatu.

Lakini sikiliza. Nimefanya ulivyosema! Nilikwangua sabuni yako, nikaiyeyusha, nikaitia kwenye kikombe, kwanza tone dogo, halafu dogo zaidi, halafu dogo kuliko uchafu wowote ambao macho yangeweza kuona. Mara ishirini na mbili. Unajua kalamu ilifanya nini? Ilitetemeka, ikachakura juu na chini kama kuku kwenye vumbi, kisha pyu, utando ukapasuka. Hakuna ngazi. Hata moja. Mchoro wa sabuni na mchoro wa homoni ukiiweka pamoja, hata mtoto wa chekechea atakuambia hivi ni vitu viwili.

Nilimpelekea Profesa michoro yote. Akavua miwani. Akaifuta. Akaivaa. Akasema, "Hm." Kwa Hakosalo hiyo ni hotuba. Kisha akasema, "Mwandikie Saimi kwamba nilikosea," nami nikamwambia, "Mwandikie mwenyewe, Profesa," na akawa mwekundu mpaka masikioni. Sijui kama ataandika. Mimi nimekuambia.

Kwa hiyo ulichonitumia kwa hasira ndicho kimeniokoa nusu. Nilichoona miaka minne hakikuwa sabuni. Kilikuwa homoni.

Nusu ya pili ndiyo inayoniua: homoni yenyewe bado imenuna. Mafuta ni ya yai kama zamani, sasa ya kuku wa Vilho, mazuri kuliko ya dukani. Chumvi ni ile ile. Imebaki chupa moja tu ya homoni ambayo haijafunguliwa, na Profesa amesema hakuna nyingine mpaka vuli. Naogopa kuigusa.

Kitu fulani ulikuwa unakifanya. Sijui nini. Nafumba macho na kujaribu kukuona asubuhi, lakini nilikuwa nafika saa mbili, na kila kitu kilikuwa tayari. Nakuomba, ukumbuke. Hata jambo la kipuuzi. Ulifungua dirisha? Uliimba?

Wako kwa heshima na aibu,
Terhi


Laitila, 2 Machi 1984

Mwanangu Terhi,

Utasema nimenuna. Sijanuna. Hasira iliisha siku ile ile niliposoma habari ya masikio ya Hakosalo. (Ameandika, kwa njia. Sentensi mbili. Ya pili ilikuwa kuhusu hali ya hewa.)

Nimekaa wiki tatu na barua yako kama kuku aliyewekewa yai la kauri. Hayo si maneno yangu, ni ya Vilho. Jana kwenye sauna alimwaga maji juu ya mawe akasema, "Saimi, ama utoe kilicho moyoni, ama utoke nje ukaoge theluji, maana unanichosha." Nikamwambia. Akasema, "Basi mwandikie huyo mtoto." Naandika.

Ni mimi niliyeharibu kazi yako.

Kwenye mlango wa lile jokofu la kugandisha kulikuwa na karatasi: mwoshaji asifungue. Mimi nililifungua. Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, kwa miaka minne. Nilichukua lile kopo lenye chupa yako ya homoni, nikaliweka juu ya meza yako, karibu na brashi, likiwa limefungwa. Likakaa hapo mpaka unafika. Nilidhani unajua. Halafu nikaona huniulizi, nikadhani unajua na unanistahi. Halafu miaka ikapita, na jambo likipita miaka huwezi tena kulisema.

Sababu nakuambia, ujue sikuwa nachezea vitu vya watu. Kabla yako alikuwepo kijana mmoja, siku hizi yuko Oulu. Siku moja nilimwona anatoa chupa kwenye baridi ile kali na kuifungua hapo hapo. Nilikuwa nafuta meza. Niliona unga ndani ya chupa unatoka jasho. Mama yangu hapa Laitila alikuwa na ghala la baridi, na hamira ya unga ilikaa humo majira yote ya baridi. Angekuchapa mkono kama ungefungua kopo likiwa bado baridi. Liache mezani likiwa limefungwa, alisema, lipate joto la nyumba, ndipo ufungue. La sivyo hewa ya jikoni inaingia na unyevu wake, inatulia juu ya unga, na kesho una jiwe. Mimi mwoshaji vyombo, yeye mtafiti. Ningemwambiaje kuhusu hamira ya mama yangu? Kwa hiyo ulipokuja wewe, sikusema. Nilitoa kopo tu.

Sasa nimefikiri hivi: saa moja na nusu mezani, labda joto liliipika homoni yako, ikaoza kidogo, na ngazi zote mia tatu na kumi na nane zilikuwa za homoni iliyooza. Tangu niondoke mnaitoa baridi na safi, nayo imetulia, kwa sababu ikiwa nzima ndivyo ilivyo. Kama ni hivyo, basi kitabu chako ni kitabu cha kosa langu.

Mwambie Profesa. Sitaki wewe ulaumiwe.

Saimi


Turku, 6 Machi 1984

BI SAIMI!

Hukuharibu! Hukuharibu chochote! Keti chini. Kama umesimama, keti, na Vilho pia aketi.

Barua yako ilifika jana saa nne. Niliisoma koridoni, nikapiga kelele hadi Mheshimiwa akanyamaza (kweli, mzunguko wake ulikuwa umeisha, lakini acha nijisifu). Nilikimbia kwa Profesa bila kubisha hodi. Nikamuuliza, "Profesa, miaka yote hii nani alikuwa anatoa homoni asubuhi?" Akasema, "Wewe, bila shaka." Nikasema, "Mimi nilidhani ni wewe!" Tukatazamana kama samaki wawili. Miaka minne kila mmoja amemshukuru mwenzake kimoyomoyo, kumbe mwenye shukrani yuko Laitila anapanga kabati.

Mama yako alikuwa na akili kuliko idara nzima. Unyevu ndio adui. Homoni kavu kwenye baridi inakaa miaka. Homoni iliyolowa inakatika na kugandamana, shanga zinashikana ovyo, na haiwezi tena kusimama bega kwa bega. Tangu Agosti sikulikuta tena kopo mezani, nikadhani Profesa amechoka; nilikuwa nikifika, naitoa, naifungua papo hapo, ikiwa baridi kama jiwe la Januari, na ninaona fahari kwamba sipotezi muda. Kila asubuhi niliinywesha maji kidogo. Ndiyo maana ngazi zilikufa polepole. Ndiyo maana chupa ya Desemba iliishi siku mbili.

Kuhusu kuoza usiwaze. Ikiwa kavu na imefungwa, saa moja na nusu mezani haiidhuru kitu. Na mimi siamini bila kuona, kwa hiyo nikaona. Nilitoa kopo lenye chupa ya mwisho. Nikaliweka mezani, karibu na brashi. Nikakalia mikono yangu. Profesa akaleta kiti akakaa kando yangu, na kwa dakika tisini watu wazima wawili walitazama kopo. Akaniuliza, "Je, sasa?" Nikamwambia, "Bado, Profesa." Mara sita aliuliza! Kisha nikafungua. Unga ulikuwa mwepesi kama theluji mpya. Nikapaka utando, ukawa mweusi, nikatia homoni.

Dakika tisa, kimya.

Ya kumi, kalamu ikapanda. Hatua moja, wima, safi. Ikatulia juu. Ikashuka. Ikapanda mbili. Profesa Hakosalo akasema "Hm" mara tatu, kisha akatoka, akarudi na mikate ya iliki ya ofisi nzima, na wenye mikate mpaka leo hawajui ilikwenda wapi.

Leo nimeona ngazi arobaini na moja. Arobaini na moja, Bi Saimi!

Tarehe 25 Mei, saa sita mchana, ukumbi mkubwa. Lazima uje. Na jina lako nitaliandika kwenye kitabu.

Nakukumbatia,
Terhi


Laitila, 10 Machi 1984

Mwanangu,

Nimeisoma mara tatu. Ya tatu kwa sauti, Vilho akiwa ameketi kama ulivyoagiza. Nilipofika pale pa kopo na dakika tisini alicheka mpaka meno yakahama.

Mimi sikucheka. Nilienda kukata kuni, na nilikata nyingi kuliko tunazohitaji.

Nimefurahi kwamba kazi yako imepona. Jina langu usiliandike, watu watasema nimelitafuta. Na huko Mei sitaweza kuja. Ni majira ya vifaranga, Vilho peke yake hawezi. Tena sina nguo. Utafanya vizuri bila mimi. Jibu polepole na usichezee nywele.

Saimi


Turku, 26 Mei 1984

Ulisema huji!

Nimeamka sasa hivi, kichwa kina ngoma, mimi ni daktari wa falsafa, na jambo la kwanza ni kukuandikia, kwa sababu ulikimbia kabla sijakushika.

Niliingia ukumbini nyuma ya Profesa, nguo nyeusi. Nikainua macho, na pale safu ya tatu naona kofia ya buluu, na chini ya kofia wewe, na kando yako mzee mwenye tai ambaye sikuwahi kumwona ila nilimjua mara moja. Vifaranga mlimwachia nani?

Kwa saa mbili Profesa Sundelius alinigeuza kama chapati. Unajua mwenyewe, ulikuwepo. Kwa nini samoni na si binadamu? Kwa nini mafuta ya yai? Kwa nini hatua hii ni ndefu kuliko ile? Nilijibu polepole. Nywele nilichezea mara moja tu. Halafu akaja kwenye lile: "Je, mtetezi ana uhakika gani kwamba hii si sabuni iliyobaki kwenye vyombo?" Nikamwonyesha michoro ishirini na mbili ya sabuni yako. Akaitazama kwa muda mrefu. "Nimeona," akasema. "Lakini vyombo vya miaka yote minne, ni nani aliyehakikisha?" Nikamwambia ni mwoshaji wetu, mwenye ustadi wa miaka kumi na tisa. Akasema, "Hilo ni neno la mtetezi," akatabasamu, akafunga kitabu. Hakukataa. Hakukubali.

Kisha, kama ilivyo desturi, nikageukia ukumbi: mwenye neno la kusema juu ya tasnifu hii na aombe nafasi. Nimehudhuria utetezi wa watu kumi na wanne, na hakuna aliyewahi kuomba. Ni maneno tu ya kumalizia. Nikawa nimeshaanza kukusanya karatasi.

Na wewe ukasimama.

Nakuandikia ulichosema, ili siku moja usije ukakikana. Ulisema: "Naitwa Saimi Uusipaikka. Bwana wa Uppsala ameuliza ni nani aliyehakikisha. Ni mimi. Kama ana shaka, alete kikombe chochote, kichafu anavyotaka, nikioshe hapa hapa, kisha tukitie kahawa anywe yeye kwanza."

Ukumbi wote ulilipuka. Profesa Hakosalo, aliyekuwa ameketi mbele kama sanamu, alijifunika uso kwa programu. Na Sundelius akasimama, akakuinamia, akasema, "Bibi, sina swali zaidi." Ukakaa, ukarekebisha kofia, kana kwamba umeagiza tiketi.

Nilipotoka kukutafuta, wakaniambia umeenda kuwahi basi la saa kumi na robo. Kiti chako kwenye karamu kilibaki wazi, nikakataza mtu asikikalie. Sasa nikuambie ulichokikosa. Kwenye supu Sundelius aliniuliza kuhusu kopo. Nikamweleza: baridi, unyevu, hamira ya mama yako. Aliacha kijiko. Akasema kwao wamepoteza chupa tano kwa miaka miwili na walidhani kiwanda kinawauzia takataka. Akatoa daftari, akaandika pale mezani, na akaniuliza jina lako linaandikwaje. U mbili, nikamwambia.

Kwa hiyo kuhusu jina: nilikwisha kuliandika, ukurasa wa nne, hata kabla hujanikataza. Nakutumia kitabu. Hakifutiki.

Njoo tarehe 20 Juni. Si kwa sherehe. Njoo maabarani, saa mbili. Kuna kitu nimeona haya kwa miaka minne kutokukuonyesha.

Daktari (nilitaka tu kuona linavyokaa kwenye karatasi)
Terhi Kallasvuo


Laitila, 26 Juni 1984

Daktari mwanangu,

Linakaa vizuri.

Juhannus, sikukuu yetu ya katikati ya kiangazi, imepita. Tuliwasha moto mkubwa kando ya ziwa, mvua ikanyesha kama ada, Vilho akacheza dansi na mjane wa jirani na sasa anajifanya kiuno hakimuumi. Kitabu chako kiko juu ya redio. Kila anayekuja kunywa kahawa anafunguliwa ukurasa wa nne, awe anataka au hataki. Si mimi ninayefungua, ni Vilho.

Profesa ameandika tena, safari hii ukurasa mzima, kuniomba nije kuwafundisha waoshaji wawili wapya walioajiriwa. Nimejibu nitakuja Jumanne na Alhamisi kuanzia Septemba, kwa sharti kwamba kila nitakachowaambia, wao nao wamwambie mtafiti bila kuogopa. Amekubali. Amesema ile karatasi ya jokofu ameing'oa mwenyewe.

Lakini naandika kwa sababu nyingine. Siku ile ya tarehe 20 niliondoka bila kusema la maana. Ulidhani nimechoka. Nilikuona umeingiwa na wasiwasi, na ndani ya basi nilijilaumu. Mimi ni mtu wa kusema baadaye.

Uliponipa brashi nilitaka kukataa. Kikombe kile nimekishika mara nyingi kuliko sahani ya kwetu, lakini kikiwa kitupu. Nilipopaka mara ya kwanza mafuta yakapasuka, ukasema haidhuru. Mara ya pili yakapasuka. Ya tatu ukaniambia nitazame kwenye darubini, nikatazama, na humo mlikuwa na rangi ambazo hata kwenye kitambaa cha kanisani sijaziona, zinatembea, zinashuka, moja inaifukuza nyingine. Kisha katikati pakatokea doa jeusi, likakua, rangi zikaenda zote. Nikasema moyoni, basi, nimeupasua tena. Nikaona haya kukuambia. Nawe ukasema pole pole sikioni mwangu, "Ndiyo huo, Bi Saimi. Umeupata."

Tukakaa. Wewe ulikuwa umeshatia homoni. Kalamu ilikuwa inaenda moja kwa moja, nami nilikuwa nawaza mambo ya kijinga: kwamba huo mweusi ni molekuli mbili tu, na bado unazuia bahari mbili zisionane, na kwamba mimi mwenyewe nimejaa vitu hivyo, tangu utosini mpaka goti la kushoto. Nikawaza samoni, hajui kwamba anatazamwa.

Halafu ikapanda.

Ulitaka kujua nilihisi nini. Uliniuliza, nami nikasema, "Vizuri," kama mtu anayeulizwa kuhusu viazi. Ukweli ni huu. Miaka kumi na tisa niliwaandalia watu meza, na sijawahi kukaa kula.

Kwa hiyo nilivaa koti nikatoka. Nilifika kwenye ngazi, karibu na chumba changu cha zamani, na hapo kicheko kikanishika. Nilicheka peke yangu, nimeshika ukuta, machozi yananitoka, mpaka yule bwana wa ghorofa ya chini anayepima mawe akafungua mlango akauliza, "Mama, kuna nini? Nikuitie mtu?"

Nikamwambia, "Usimwite mtu. Tundu limefunguka, na utando nimeupaka mimi."

Saimi